Kona Zisizo na Mtu

Ukitoka Gerezani asubuhi na mzigo nyuma ya pikipiki, ukaingia Kariakoo kwa upande wa Mtaa wa Msimbazi, unafika mahali ambapo lami inapotea machoni ingawa bado iko chini ya matairi. Unachokiona ni watu. Wanaoshusha marobota ya vitenge, wanaotandaza viatu juu ya turubai, makuli wenye magunia kichwani wakipaza sauti "uji wa moto, uji wa moto" na hakuna uji wowote, wanataka tu njia. Mikokoteni inashuka, magari yamekwama, na katikati ya yote hayo kuna mama anajaribu blauzi juu ya gauni lake huku akibishana bei.

Nimepita hapo karibu kila siku ya utu uzima wangu, na mpaka leo kabla sijaingia huvuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kisha naingia. Baada ya muda natokea upande wa pili nikiwa mzima, na wote niliowapita ni wazima, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Wenzangu wengi wa kijiweni wamelizoea jambo hilo. Mimi sijalizoea.

Kazi yangu ni kupeleka mizigo. Mara chache nabeba abiria, tena wale ninaowafahamu. Maduka ya vipuri ya Gerezani na ya jumla ya Kariakoo hunipigia simu, nami nachukua boksi au furushi, nalifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi ya ndani, naenda Ilala, naenda Magogoni kwenye kivuko, naenda popote. Wanawake wanaofanya kazi hii si wengi. Mwanzoni vijana wa kijiweni walikuwa wakiniuliza kama mume wangu anajua nimechukua pikipiki yake. Siku hizi wananiita Bi Mkubwa, na nikichelewa wanasema gari la serikali limekwama.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na nyuma yangu wako watatu, wavulana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa bado analala na kidole mdomoni. Sikumaliza mwaka ule wa shule. Hakuna aliyenifukuza wala kunikataza. Asubuhi moja nilivaa sare, nikawaangalia walivyolala, nikaivua. Nikaenda kumsaidia mama lishe mmoja wa Gerezani, kazi yangu ikawa kupeleka chakula kwa mafundi wa pikipiki. Fundi mmoja, mtu wa Lindi, mcheshi sana, alikuwa na kawaida ya kujaribu kila pikipiki aliyoitengeneza kabla hajamrudishia mwenyewe. Mguu wake ulipoanza kumsumbua akanipandisha mimi. "Zunguka reli mpaka kule, rudi uniambie inalalamika wapi." Nikazunguka. Nilirudi nikamwambia inalalamika gia ya tatu. Akacheka, akasema basi kuanzia leo wali utapelekwa na mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyopanda, na sijashuka. Wadogo zangu wamesoma kwa mizigo hiyo. Wavulana sasa wana kazi na familia zao mikoani. Binti ni muuguzi, yuko idara ya majeruhi katika hospitali moja hapa mjini, na bado tunakaa pamoja Ilala, vyumba viwili na uwanja mdogo wa kuanikia nguo.

Yeye ndiye aliyenipeleka uwanjani.

Ilikuwa jioni, anapiga pasi sare yake, mimi natengeneza mchicha. Akaniambia bila kugeuka, "Dada, nina ombi. Ila usinijibu leo."

"Sema."

"Siku hizi akiletwa mtu wa pikipiki, naangalia viatu kwanza."

Niliacha mchicha. Nilifikiri anaeleza jambo la kazini kwao, utaratibu fulani wa wauguzi.

"Sura naiogopa," akasema. "Kwa hiyo naangalia viatu. Nikiona si vyako ndipo mikono yangu inaanza kufanya kazi. Wenzangu wameshagundua. Jana mmoja alinipita akasema, si dada yako, njoo ushike hapa."

Aliendelea kupiga pasi mahali palepale, mpaka nikamwambia ataiunguza. Akaiinua.

"Sikwambii uache pikipiki," akasema. "Nakujua. Nakwambia uache barabara. Yule mteja wako wa vipuri si anataka mtu wa kukaa dukani? Si alikwambia pia wana uwanja wao wa kukimbiza pikipiki Jumapili? Basi kaa dukani wiki nzima, Jumapili nenda kule ukaendeshe mpaka ushibe. Kaka wote wawili wameafiki."

Hapo nikajua kikao kilishakaa bila mimi. Kwa miaka yote, mwenye kuitisha kikao katika familia yetu ni mimi, wao wanakuja na kukaa na kusikiliza. Sasa wadogo zangu walikuwa wamekutana kwenye simu, wakajadili, wakapitisha, na wakamtuma mdogo kuliko wote kwa sababu walijua kwake mimi sina ukali. Sikujua nicheke au nifanyeje. Walikuwa wamekua.

Nikamwambia nitakwenda uwanjani kwanza. Nikamwambia pia kwamba nitakwenda kwa moyo safi, na nikiona kule kunatosha, Jumatatu nitakaa dukani. Nilimaanisha. Aliponiangalia nilimwona ameamini, na tangu hapo nilihisi nimebeba kitu ambacho hakifungwi kwa mipira.

Mteja mwenyewe ni mtu wa Kilimanjaro, ana duka la vipuri Gerezani tangu ujana wake, na ana pikipiki kubwa mbili anazozipenda kiasi kwamba mkewe huziita wake wenza. Yeye na wenzake wamekodi yadi moja ya zamani ya malori nje ya jiji. Wameisafisha, wamepanga matairi mabovu kuchora kona, na baadhi ya Jumapili wanakwenda kukimbiza humo. Alikuwa amenialika mara nyingi. Nilipompigia kumwambia nakuja akasema, "Dada, nilikuwa nakualika kwa adabu tu. Sasa umenifurahisha kweli."

Nilifika asubuhi na pikipiki yangu ya mizigo, nikaiegesha pembeni ya zile zao. Ilionekana kama punda kwenye harusi. Walinipa jaketi gumu, glovu, na helmeti iliyonibana masikio, na mwenye duka akanipa pikipiki yake ya pili, ile ndogo kati ya zile kubwa. Kabla sijapanda, kijana wao wa bendera akaja na selotepu akaviziba vioo vya pembeni.

"Sasa nyuma nitaonaje?" nikauliza.

"Huku hakuna nyuma," akasema mwenye duka. "Aliye nyuma yako ndiye anayekuangalia wewe. Wewe angalia mbele tu."

Sijawahi kupewa ruhusa ya namna hiyo. Nimeishi na wadogo watatu nyuma yangu, na barabarani nimeishi na vioo viwili. Kuna siku nadhani naviangalia hivyo zaidi ya njia. Nikaingia uwanjani nikiwa kama mtu aliyevuliwa kitu.

Mizunguko ya kwanza nilikwenda polepole, wenzangu wakinipita kwa mvumo uliotikisa kifua. Kisha nikaanza kuielewa njia. Kona ya kwanza ilikuwa pana, inakungoja. Ya pili ilikuwa kali, lakini lami yake ilikuwa safi, bila mchanga, bila oili, bila ganda la ndizi. Nikaongeza mwendo. Nikalaza pikipiki, nikasubiri ianze kuteleza kama ambavyo ingeteleza Mtaa wa Msimbazi mvua ikinyesha, haikuteleza. Nikailaza zaidi. Ardhi ilinijia karibu na goti, na pikipiki ile ikashika kona kwa utulivu ambao sikujua kwamba mashine inao. Nilikuwa nimelala ubavu hewani, kitu cha chuma kimenibeba, na dunia yote imeinama upande mmoja kama maji kwenye sufuria.

Nilipotoka kwenye kona ile nilikuwa napiga kelele ndani ya helmeti. Wala hayakuwa maneno.

Nataka niseme wazi, maana wapo wenzangu wanaodharau uwanja bila kuufikia: ni mahali pa ajabu. Kule ndiko nilikojua pikipiki inaweza nini. Miaka yote nilikuwa nimeendesha chombo ambacho sehemu yake kubwa sikuwahi kuigusa, kama mtu anayeishi kwenye nyumba ya vyumba vingi na kutumia jiko peke yake. Na kule hofu ilinitoka. Sikujua nilikuwa nayo mpaka iliponitoka. Mabega yalishuka, vidole vikalegea kwenye klachi, nikasikia upepo. Hakuna ambaye ningemuua. Hakuna mtoto ambaye angetokea nyuma ya gari. Nilizunguka, nikazunguka, na nilimwombea mdogo wangu kwa kunileta.

Kisha likatokea jambo la kuchekesha. Niliporudi kupumzika, niliwakuta wamesimama wameshika mbavu.

"Dada," mmoja akasema, "ile honi ulikuwa unampigia nani?"

"Honi gani?"

"Kila kona unapiga honi. Piii. Tumedhani umeona abiria."

"Na mkono," mwingine akasema. "Mwambie kuhusu mkono. Ukitoka kwenye kona unainua mkono unashukuru. Unamshukuru tairi?"

Nilicheka nao. Sikuwa na habari kabisa kwamba nilifanya hivyo. Lakini kwetu huwezi kuingia kona isiyoonekana bila kumjulisha aliye upande wa pili, na akikupisha huwezi kupita bila kumwinulia mkono. Hayo hayafundishwi, mikono inayaokota yenyewe. Nikanywa maji, nikarudi uwanjani, nikajiambia safari hii sipigi honi.

Sikupiga. Nilifika kwenye ile kona kali, kidole gumba kikataka kwenda, nikakizuia, na wakati huohuo nikaona macho yangu yanatafuta. Yalikuwa yanamtafuta mtu. Pale kwenye tairi lililopakwa rangi nyeupe yalimweka muuza machungwa na meza yake. Palepale karibu yakaweka guta la mizigo lililoegeshwa vibaya, na mwenyewe amelala juu yake. Nikajikuta nawapisha. Nimeacha nafasi ya kutosha kati yangu na matairi, kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo, na wale wenye pikipiki kubwa wakapita katika nafasi hiyohiyo wakiona nimewapa wao.

Nilizunguka tena. Ile kona ilikuwa kama ilivyokuwa. Nikarudi, ikawa ileile. Ilikuwa nzuri, na haikutaka kujua mimi ni nani. Ningeweza kuikata vizuri au vibaya, haikumhusu yeyote zaidi yangu. Sijui namna bora ya kueleza. Ni kama kumwamkia mtu shikamoo kwenye nyumba tupu. Unaisema vizuri, kwa heshima zote, na inabaki hapohapo hewani.

Nilipotoka safari hii sikwenda kwa wenye kelele. Nilikaa kivulini karibu na mzee mmoja wa klabu yao, fundi seremala aliyestaafu, ambaye alikuwa amekuja na pikipiki kubwa ya masafa na hakuiingiza uwanjani tangu asubuhi. Nilimwamkia, akaitika, akanimegea kipande cha muhogo.

"Wewe mbona huingii?" nikamuuliza.

"Niliingia mwaka jana. Mzunguko wa tatu nikaanza kuwaza mahindi ya kuchoma."

"Mahindi?"

"Mimi nikikaa juu ya pikipiki lazima niwe nakwenda mahali. Naweza kwenda Chalinze kula nyama na kurudi, mke wangu ananiuliza huku hakuna nyama? Ipo. Lakini njiani nitapishana na watu, nitasimamishwa na askari tutasalimiana, nitakuta mvua, nitamwuliza mtu njia ninayoijua. Hapa nikitoka narudi nilipotoka. Nachoka mapema."

"Hawakucheki?"

"Wananicheka. Na mimi nawacheka wanavyolipia kizunguzungu." Akatafuna muhogo wake. "Usiwaambie lakini. Hawa ndio wanaonipa chai."

Jioni nilimshukuru mwenye duka kwa moyo wangu wote. Aliniuliza, "Kwa hiyo kesho nikuwekee kiti?" Nikamwomba anipe siku chache. Akasema kiti hakiozi.

Njia nzima kurudi mjini niliendesha pikipiki yangu ya mizigo kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Jua lilikuwa bado lipo. Maeneo ya Buguruni msongamano ulianza, na jamaa wa bajaji akanichomekea bila kuangalia, nikafunga breki, yeye akatoa mkono nje akaupunga kuomba radhi, mimi nikapiga honi fupi kumwambia yameisha. Nilijishangaa. Nilikuwa natabasamu.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri na chai. Sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia uwanja ni mzuri, nikamsimulia kona, nikamsimulia ile kelele ndani ya helmeti, akacheka. Kisha nikamwambia dukani sitaenda.

Akaweka kikombe chini. "Ulikwenda na jibu lako mfukoni."

"Sikwenda nalo."

"Sasa nini? Si umesema mzuri?"

"Mzuri. Ila kule hakuna mtu."

"Ndiyo maana ni salama, dada."

"Ndiyo."

"Unanijibu ndiyo."

"Ni kweli, ndiyo maana. Wewe umesema kweli na mimi nimesema kweli."

Alikuwa na haki zote. Mimi nilimlea, nikamsomesha, na kile nilichomsomesha ndicho kinachomfanya aone kila siku yale ambayo mimi sipendi kuyafikiria. Sikuwa na hoja ya kumshinda. Kama angelia, nadhani ningekwenda dukani. Hakulia. Alisema, kwa sauti anayotumia labda kwa wagonjwa wabishi, "Haya. Keshokutwa sina zamu. Utanipakia siku nzima. Nataka kuwaona hao watu wako."

Siku hiyo tulitoka mapema, yeye na helmeti yangu ya akiba, amenishika kiuno kama alivyokuwa akinishika nilipompeleka shule ya msingi, ila sasa mikono ilikuwa na nguvu na ilibana. Kijiweni vijana walituona.

"Bi Mkubwa, leo mzigo unapumua."

"Muulize kama unavunjika, tuandike 'tahadhari' mgongoni."

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Muuguzi."

Wote wakawa wapole kwa ghafla. Mmoja akavua kofia, akamsalimia, akasema mguu wake wa kushoto unawajua wauguzi vizuri. Wao ndio walioushona. Nilihisi mikono ikinibana zaidi.

Tulichukua boksi la vipuri Gerezani la kupeleka Magogoni, kwa fundi wa Kigamboni ambaye angevuka na kivuko kulipokea. Ningeweza kupita njia za pembeni zilizo wazi, nazijua zote. Nilitaka sana kupita huko. Nilikuwa na kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kubeba. Lakini alitaka kupita ninapopita kila siku, na kumdanganya siku hiyo kungekuwa kumdanganya katika jambo lote. Nikavuta pumzi, nikaingia Kariakoo.

Nilikwenda kwa gia ya kwanza, miguu karibu na lami, kidole kwenye honi. Kuli mwenye robota alikuja moja kwa moja kwetu, haoni kitu zaidi ya miguu yake, akasogea nusu hatua na sisi nusu hatua, tukapitana, robota likagusa helmeti ya mdogo wangu likaendelea. Mkokoteni wa viazi ukashuka. Mkokoteni ukishuka na mzigo hauna breki zaidi ya visigino vya mwenyewe, kwa hiyo kwetu mkokoteni unaoshuka hupishwa na kila kitu, hata gari la tajiri. Tulisimama, na waliokuwa mbele yetu wakasimama, na muuza soksi akavuta kamba ya turubai lake bila kukatiza maneno aliyokuwa akimwambia mteja. Ukapita. Yule mwenye mkokoteni, jasho linamwingia machoni, akasema "asanteni wakwe," na mtu mmoja akamjibu, "mahari je?"

Tukasogea tena. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja kutoka kulia kwetu, beseni la dagaa kichwani, mtoto mgongoni, anataka kuvuka. Hakusimama. Wala hakugeuza shingo, maana beseni lisingemruhusu. Alinyoosha tu mkono wake wa kushoto, akaweka kiganja juu ya taa ya pikipiki yangu, na akavuka huku kiganja kipo hapo, kama mtu anayeshika kichwa cha ng'ombe wake mwenyewe. Nilihisi uzito wa mkono ule mpaka kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimeshika breki, yeye alikuwa ameshika taa, na kwa muda huo mfupi maisha yake na ya yule mtoto yalikuwa kwangu, na yetu mimi na mdogo wangu yalikuwa salama kwake. Alipomaliza kuvuka akauondoa mkono. Mtoto wa mgongoni peke yake ndiye aliyetuangalia.

Wanafanya hivyo siku zote. Wengine wanagusa taa, wengine usukani, wengine wanagonga tangi kwa vidole kukwambia ngoja. Ni mambo ya kila siku, na nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu sikuwahi kufikiri kuna cha kusimulia. Lakini siku hiyo, naye akiwa nyuma yangu, niliuona mkono ule kama ndiyo mara ya kwanza. Yule mama hanijui. Hajui kama nimelala usingizi, kama breki zangu zimetengenezwa, kama nina akili. Alitoa mkono tu, akakuta nimesimama. Nilipatwa na kitu kama kile cha kwenye kona ya uwanjani, ila hiki kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikunitaka nipige kelele. Kilinitaka ninyamaze.

"Hakutuangalia," mdogo wangu akasema sikioni mwangu.

"Hakuwa na haja."

Tulifika Magogoni. Fundi wa Kigamboni akapokea boksi lake, akalitikisa, akasema likipungua msumari atanirudia, akaondoka. Mdogo wangu alishuka, akavua helmeti, nywele zimelowa. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, na mimi nikanunua maji nikakaa karibu naye. Watu walikuwa wakitoka kwenye kivuko kwa wingi.

"Mimi kule kazini," akasema baada ya muda, "naletewa wale ambao hawakupishwa. Hao tu. Hawa wote wengine," akaonyesha kwa kidevu umati wote ule uliokuwa ukipishana, "hawaletwi. Nilikuwa kama sijui wapo."

Nilimpa maji, akanywa.

"Sijakubali, dada. Usifikiri nimekubali. Bado nitaangalia viatu."

"Najua."

"Ila sitakuomba tena. Na kaka nitawaambia waache."

Nilitaka kumshukuru, nikaona si mahali pake. Hakuwa amenipa zawadi. Alikuwa amechukua hofu ile aliyotaka kuitua kwangu, akaiweka tena kichwani mwake, na niliona ilivyo nzito. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyewabebea. Sikuwahi kukaa pembeni nikatazama mmoja wao akijitwika kwa ajili yangu, akinyoosha shingo, akisimama.

"Nikurudishe?" nikamuuliza.

"Nitapanda basi la mwendokasi. Moyo wangu haujarudi mahali pake." Akanipa helmeti. "Na ile breki ya nyuma inalia. Hata mimi nimeisikia."

Nilimtazama akienda mpaka akachanganyika na waliotoka kwenye kivuko. Kisha nikampigia mwenye duka nikamwambia kiti ampe mtu mwingine, na kwamba namshukuru kwa Jumapili ile, sitaisahau. Akaguna. Akasema alijua tangu aliposikia zile honi.

"Uko wapi sasa?" akauliza.

"Magogoni."

"Basi pitia kwa fundi akutazamie pikipiki, halafu uje. Kuna mzigo wa Ilala."

Nikawasha, nikageuza, nikasubiri watu wapungue kidogo. Hawakupungua, nikaingia.